Turubai la Shangazi Zaina

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Lukozi, mwanangu, nilipofuta kwa sekunde moja kazi ya mwezi mzima ya shangazi yangu Zaina. Nilikuwa na shahada mpya na kompyuta ya mtumba. Iliyonidanganya ni shahada.

Nilikuwa nimechukua programu ya kamusi inayogawiwa bure, naiongezea majina ya Kishambaa ya mimea ya milimani kwetu. Shangazi anataja, mimi naandika. Programu ya namna hiyo huja kama maandishi ya kusomeka. Kompyuta huyageuza kuwa kitu cha kutumika, na njiani humwaga mafaili ya muda kwa mamia. Niliyaacha yamwagike mlemle kwenye folda ya maandishi. Folda ya pili ya nini? Niliona ni usumbufu wa watu wasiojiamini.

Siku hiyo programu ikagoma. Nikataka kusafisha nianze upya, nikaamuru kifutwe kila kitu ambacho hakikuja na programu yenyewe. Kompyuta ni mtiifu kupita kiasi. Faili la majina ya shangazi, lililokuwa humohumo, nalo halikuja na programu.

Nilimkuta shambani akipunguza majani ya kabichi za kwenda sokoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekupauka, mghosi, bwana mkubwa wa chuo kikuu?"

Nikamweleza. Akanionyesha kwa kidole turubai alilotandika kando ya miche, limejaa majani.

"Hili nimelitandika kwa nini?"

"Majani yasichanganyike na miche."

"Ulilijua hilo hujaota hata meno ya pili. Ndilo walilokutoa kichwani huko chuoni?"

Akakusanya pembe nne za turubai, akaenda kuwamwagia ng'ombe yote, bila kuangalia ndani.

Jioni tulianza kuandika upya. Majina mengi yalirudi. Kwa mengine alisema tu, "Lile lilikuja lenyewe siku ile." Hayajarudi mpaka leo, na shangazi hayupo tena.

Basi, mwanangu, kabla hujajenga programu, fungua folda tupu, mbali na ile ya maandishi, ujengee humo. Ikiharibika, ifute folda hiyo nzima. Na weka nakala pembeni. Hilo nilijifunza siku nyingine, kwa aibu nyingine.

Mungu akupe umri mrefu, na kila utakachofuta kiwe majani tu.