Mtu Wetu Kwenye Sataranji

Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi mtaani Nalufenya, hapa Jinja, nusu ya kichwa ikiwa imeshanyolewa, wakati dereva wa lori kutoka Kenya alipoanza kutusomea kwenye simu majina ya wachezaji walioalikwa kwenye mashindano makubwa ya sataranji huko Ulaya. Aliyatamka kama mtu anayetafuna samaki wa miiba.

Kinyozi akazima mashine. "Sasa, mtu wetu ni nani?"

"Hakuna Mwafrika hata mmoja, bwana."

"Mimi sikuuliza Mwafrika. Nimeuliza mtu wetu. Kwani timu yetu ya mpira si iko Uingereza?"

Hapo hakuna aliyembishia. Mji huu umeshalilia sana timu zisizojua hata Jinja iko wapi. Majina yakagawanywa palepale. Dereva akachukua Mhindi. Kinyozi akaweka sawa kofia yake, akachukua wa Uzbekistani, kwa kuwa alisikia kule ni Waislamu wenzake. Mimi nikapewa Mholanzi bila kuulizwa. Muda si mrefu dereva alikuwa anatamba, "Sisi mwaka huu hatushikiki!"

Nikakumbuka kwamba Jumamosi mabinti wa mtaa huohuo, ambao kinyozi huyu huwanyoa kila shule zinapofunguliwa, watacheza sataranji na wenzao wa Mbale kwenye ukumbi ulio nyuma ya saluni yake. Nikamwuliza kama atakwenda kutazama.

Akawasha mashine, akaniinamisha kichwa kwa kidole kimoja.

"Huko sasa," akauliza, "mtu wetu ni nani?"