Shahidi wa Unga na Mtoto wa Mama Mdogo

Habari hii nilisimuliwa na mama mdogo wa mkemia, Jumapili iliyopita, tukichambua maharage barazani kwake. Aliianza kwa hasira, akaimaliza anajifuta macho kwa kiganja, na machozi yenyewe hayakuwa ya huzuni.

Saa tatu asubuhi. Mkemia anapanda kizimba cha mashahidi, mkoba begani, miwani imeteremka puani. Kazi yake ni kupima unga, majani na vidonge vinavyokamatwa na polisi, kisha kuieleza mahakama ni kitu gani hasa. Ameifanya miaka kumi na tisa. Mawakili wamembandika jina: Mizani. Wapo waliofungwa kwa maneno yake, na wapo walioachiwa.

"Bahasha ikija kwangu ina namba tu," husema. "Mwenyewe awe mtoto wa tajiri, awe kuli, sijui. Na sitaki kujua. Nikijua, nitaanza kupima mtu badala ya unga."

Leo amekuja na majibu ya vipakiti vilivyokutwa mfukoni mwa kijana mmoja, vimefungwa kwa nailoni vidogovidogo, kama kete za heroini. Mizani amevipima, akarudia kuvipima. Si heroini, wala si dawa yoyote ya kulevya. Ni jasi, ule unga wa kuzibia nyufa za dari.

Anainua macho kumtazama mshtakiwa. Kumbe ni mdogo wake, fundi dari, mtoto wa mama mdogo, yule ambaye Mizani aliambiwa kwamba amepata kazi mji wa mbali.

Aliyemwambia hivyo ni mama mdogo mwenyewe, aliyeketi benchi la nyuma. Ndiye aliyemlea Mizani tangu mama yake mzazi alipofariki.

"Ningemwambiaje?" aliniuliza. "Dada mtu ndiye shahidi wa kesi za unga, mdogo mtu kakamatwa na unga. Niliona haya, nikadanganya. Sasa nilipomwona anapanda pale, moyo ukatua. Nikasema, mwanangu leo analala nyumbani."

Mizani akavua miwani.

"Mheshimiwa," akasema, "kabla sijaeleza nilichokikuta, mahakama ijue kwamba mshtakiwa ni mdogo wangu. Tumelelewa nyumba moja. Nimejua sasa hivi kwamba kesi ni yake."

Mwendesha mashtaka alikuwa wima kabla hajamaliza. "Mheshimiwa, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Naomba vipimwe upya."

Hakimu akakubali. Vipimwe na mkemia mwingine, wa maabara nyingine. Mpaka majibu yatoke, kijana arudi rumande.

Nje, kwenye ngazi, mama mdogo alimsubiri.

"Ulimi wako ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Mama, ningenyamaza leo angetoka. Kesho wangejua, wangesema katolewa na dada yake. Angebaki na jina la muuza unga mpaka uzeeni."

"Jina halilali sakafuni. Mwanangu ndiye anayelala sakafuni."

Mama mdogo akaenda zake, na kwa wiki tatu akawa hapokei simu za Mizani. Usingizi nao ukamkimbia. Usiku alikuwa anageuzageuza mto tu. Majirani hawakumwacha. "Ndiyo faida ya kulea wa mwenzio," mmoja alimwambia kisimani, na yeye akajitwika ndoo akaondoka, kwa kuwa moyoni alikuwa anasema hivyohivyo.

Siku ya majibu, mkemia mwingine akapanda kizimbani, mzee wa sauti nzito. Akasoma: ni jasi. Hakimu akamgeukia mwendesha mashtaka, naye akasema hana zaidi. Kijana akaachiwa.

Watu walipokuwa wanatoka, mama mmoja asiyemjua alimshika mkono mama mdogo.

"Wangu yuko ndani mwaka wa nne, kwa ushahidi wa yule mwenye miwani. Siku zote nikisema alihongwa. Siku ile nilikuwepo, nikamwona anamrudisha rumande mtu wa kwao. Tangu hapo sijasema tena." Akamtazama. "Ni nani yako?"

"Ni mwanangu," mama mdogo akajibu. "Nimemlea mwenyewe."

Akamfuata Mizani getini, akampokea mkoba, wakaenda nyumbani wote watatu.

Walikula sinia moja. Mizani akamuuliza mdogo wake, "Hivi jasi unaifungaje kama kete, wewe?"

"Dada, ikipata unyevu inaganda mfuko mzima. Nikigawa kwenye vipakiti, naharibikiwa na kimoja tu. Lakini nimekoma. Sasa nitabeba ndoo, na niiandike JASI, ndege waisome wakipita."

Mizani alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema ameshamwomba mkuu wake jambo moja: namba zibaki maabara, ila wito wa mahakama uje na jina, ili mkemia mwenye ndugu ajitoe mapema. "Wakikubali, hakuna atakayekaa rumande wiki tatu kwa sababu ya undugu. Nitawasumbua mpaka wakubali."

"Wasumbue," mama mdogo akasema. "Ukichoka nitakuja mimi."

Jua lilikuwa bado kali nje. Kijana alilala hapohapo mkekani, mkono bado una mabaki ya chakula. Mizani akasinzia kitini. Mama mdogo akatoa vyombo, akamvua Mizani viatu taratibu, akachukua mto wake, akajinyoosha kati yao, akalala. Hakugeuza mto hata mara moja.