Maji ya Zamu ya Mama

Enzi za Mwingereza, kwetu Gonja, kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kumwagilia shamba kutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo lililokusanya maji ya mlimani. Siku yetu ilikuwa Alhamisi. Kiangazi kimoja mama na mimi tulifika asubuhi na majembe yetu, tukakuta ndiva imebaki matope. Maji yote yalikuwa yameingia shambani kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Mzee wa kanisa! Mtu yuleyule aliyenifundisha kusali.

Jumapili alisimama mbele ya usharika akatubu, tena kwa machozi. Mchungaji akasema Mungu ni upendo, akamwita mama aje ampe mkono. Mama akampa. Watu wakaimba, na mimi nikaimba, mjinga mimi.

Jumanne ilikuwa zamu ya baba mdogo. Tulingoja atuachie maji, walau nusu siku. Aliyachukua yote, akatupungia mkono kutoka ng'ambo ya mfereji kama vile hakuna kilichotokea. Alhamisi yetu ilipofika, mahindi yetu yalikuwa yamekwisha kukauka yakiwa yamesimama.

Mama akanishika mkono tukaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamkumbusha kwamba alikwisha kusamehe.

"Nimemsamehe, baba mchungaji," mama alisema. "Lakini kama Mungu naye amemsamehe bila kumwambia anirudishie maji yangu, basi anampenda yeye peke yake."