Mwanangu yuko Kamenge, binti yangu yuko Ngagara, na mimi natakiwa kuchagua

Admin, nifichie jina, Bujumbura ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, naishi Buyenzi katika chumba nilichopewa na rafiki. Magoti yangu yamechoka, kuishi peke yangu siwezi tena. Nina watoto wawili, na kila mmoja ananitaka kwake. Mtasema hiyo ni neema. Nisomeni kwanza.

Vita vilipoanza tulikuwa tunaishi Ngagara, kwenye nyumba aliyoacha marehemu baba yangu. Mimi ni Mtutsi. Mume wangu alikuwa Mhutu, alibeba mizigo bandarini. Tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, nitamwita Elie, na kichanga wa kike, nitamwita Nadine. Kaka yangu mkubwa alikaa na mke wake kwenye vyumba vya uani. Barabara yetu ilikuwa ya watu waliojuana. Mtu akikaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, jirani anatuma mtoto na sahani.

Halafu watu wakaanza kuhama. Unaamka, geti la jirani limefungwa mnyororo. Wahutu walikwenda Kamenge na Kinama, Watutsi wa kule wakaja kwetu na magodoro kichwani. Wengine walibadilishana nyumba, hata masufuria wakayaacha jikoni. Sisi tuliooana hivyo hakuna aliyetuambia twende mtaa gani.

Alasiri moja vijana wa mtaa walikuja getini. Kaka yangu alikuwa katikati yao, na yeye ndiye aliyesema.

"Dada, we ubaki na katoto. Shemeji aondoke sasa hivi, na huyu mutoto mwanaume aende naye. Kesho mi sitaweza kuwazuia."

Mume wangu hakubishana. Alitia nguo kwenye mfuko, akaniambia atakwenda kwa mama yake Kamenge. Elie alikuwa amekamata kitenge changu, analia. Kaka yangu ndiye aliyemfungua vidole.

Mpaka leo sijui kama kaka alitufukuzia mtu wetu au alimwokoa. Nilimuuliza mara moja. Alinijibu, "Usiniulize hiyo," akatoka nje.

Baada ya hapo tulikuwa tunakutana Buyenzi, kwa Mama Zaituni, mke wa fundi wa magari. Buyenzi watu waliongea Kiswahili chao, hakuna aliyekuangalia pua kutafuta kabila lako. Mimi natoka Ngagara na Nadine mgongoni, wao wanatoka Kamenge. Tunakula pamoja kwenye mkeka, kisha kila mtu anarudi barabara yake. Mume wangu alikuwa akisema, "Vumilia, ma, nitapata chumba hapahapa tukae wote."

Kabla hajakipata, mapigano yaliingia Kamenge na watu wakakimbia. Siku yetu ya kukutana ilifika, nikakaa kwenye mkeka mpaka Mama Zaituni akauondoa yeye mwenyewe. Hawakuja. Nilihamia kwake, maana niliogopa watarudi wasinione. Nadine alikuwa mgonjwa mgonjwa na mimi sikuwa na kitu, basi kaka na mke wake wakabaki naye Ngagara. Walimlea, wakamsomesha. Nadine akawa anamwita kaka yangu baba.

Nadine akiwa bado shuleni, kaka yangu aliuawa kwa risasi barabarani, karibu na Kamenge, na Ngagara wote walisema ni watu wa kule. Mtoto alilia mpaka sauti ikapotea.

Vita vilipokwisha, mwanaume mwenye ndevu alisimama mlangoni akauliza, "Ni hapa kwa Mama Zaituni?" Nilimjua kwa namna ya kusimama, kama baba yake. Elie. Baba yake alikuwa amefia kambi ya wakimbizi Tanzania. Elie alijenga upya kwenye parsele, kiwanja cha bibi yake Kamenge, ana mke na watoto.

Miaka yote hii nimekuwa mimi ninayekwenda huku na kule. Wao wawili walisalimiana kwenye simu tu, kila mmoja na sababu zake. Sasa Mama Zaituni amefariki, Mungu amrehemu, na mtoto wake anayeoa anahitaji chumba changu. Siwalaumu, wamenivumilia sana. Nikawaita wanangu Jumapili moja waje tupange.

Nadine akasema, "Mama arudi Ngagara, nyumba ni ya babu."

Elie akasema, "Ngagara mi sikanyagi. Yule mujomba ndiye alitufukuza."

"Usimtaje baba yangu!"

"Baba yako alikufa kambini, anaita jina lako."

Nadine akanigeukia. "Mama, ni kweli? Alimfukuza?"

Nikaanza kukusanya vikombe vya chai. Ningesema ndiyo, namchafua aliyemlea. Ningesema apana, Elie anakumbuka vidole vyake vilivyofunguliwa. Nadine alichukua mkoba wake akaondoka. Baadaye akanitumia ujumbe: "Ukienda kuishi na waliomuua, usinihesabu." Elie naye, akifunga viatu mlangoni, alisema bila kuniangalia, "Ukirudi kule, nitajua ulichagua tangu siku ile."

Sikuchagua, wapendwa. Hakuna aliyeniuliza.

Kutoka Ngagara hadi Kamenge ni mwendo wa miguu tu. Wanawake wanavuka kila asubuhi na ndoo za nyanya, vijana wanaoana. Wanangu tu ndio hawavuki. Chumba natakiwa kukitoa baada ya Idi, na nguo zangu bado sijazifunga kwa sababu sijui nazifunga za kwenda wapi.

Nyinyi mlioishi mitaa ile miaka ile, na nyinyi watoto mliozaliwa na baba huku na mama kule, nisaidieni mawazo. Nimwambie nini Nadine kuhusu mjomba wake, wakati mimi mwenyewe sijui alifanya nini siku ile? Na nikienda kwa mmoja, nitampataje tena yule mwingine? Nishaurini, nimechoka.