Tone Kwenye Tishu

Mtaani walimwita Dada Mirija, maana kazi yake ilikuwa kufunga mifumo ya maji ya kupoza kompyuta. Siku hiyo alikuwa akijaza maji kwenye kompyuta ya shemeji yake, mhariri wa video. Kazi zote za shemeji zilikuwa humo, na tone moja tu lingetosha kuziunguza.

"Washa basi tuone!" shemeji alihimiza, kaiinamia kompyuta kama anayechungulia kisima.

"Tulia, shem. Kwanza inazunguka pampu peke yake. Hata ikivuja, kwingine hakuna umeme."

Alitandika tishu chini ya kila kiungio, akamimina maji ya bluu kwenye tangi, akawasha pampu. Ikakoroma, maana ilikuwa imemeza hewa. Akaiinua kompyuta na kuilaza huku na huku, kama anayemcheulisha mtoto, mpaka mapovu yakapanda tangini na pampu ikanyamaza.

"Inavuja!" shemeji alipiga yowe. "Tishu imelowa! Nimekwisha mimi!"

Dada Mirija hakugusa hata waya. Aliitazama tishu, kisha akamtazama shemeji usoni.

"Maji yangu ni ya bluu, shem. Nilichagua rangi kwa ajili ya watu wenye presha kama wewe. Hili tone halina rangi."

"Sasa limetoka wapi?"

"Kwenye paji la uso wako. Hebu sogea, kinachovuja hapa ni wewe!"

Shemeji akarudi nyuma akijipangusa. Dada Mirija akapapasa tishu nyingine zote, zilikuwa kavu. Ndipo akaunganisha umeme uliobaki, na video za shemeji zikafunguka moja baada ya nyingine.