Pistoni ya Silinda ya Nne

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuwa fundi wa ndege, macho huwatoka. Wanataka niwasimulie habari za mawinguni. Mawinguni sijafika hata siku moja, na sitaki. Ninachokijua mimi ni injini, na katika injini zote nilizozifungua maishani, inayonijia usingizini ni silinda moja tu, ya nne, ile iliyokaa juu ya meza ya karakana siku tatu huku pistoni yake imekataa kutoka.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vikuu vya pili. Nilifanya kazi katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Mgodi ulikuwa na ndege moja ndogo ya kupeleka Mwanza barua, mabwana wakubwa na wagonjwa mahututi. Tulioihudumia tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja, Msukuma wa upande wa Shinyanga. Spana tulijifunza pamoja jeshini, na mgodini tuliajiriwa siku moja. Juu yetu alikuwapo mhandisi Mzungu, lakini huyo alikuwa na mashine za mgodi mzima za kumsumbua kichwa, na ndege alituachia sisi.

Mimi nina hasira za karibu na ulimi usiopumzika. Mwenzangu alikuwa mpole mpaka ananikera. Jambo moja nililompendea ni mkono wake. Akishakaza nati amekaza, anaondoka bila kugeuka nyuma. Mimi nilirudia mara mbili, mara tatu, naye ananicheka. "Wewe mkono wako huuamini," ananiambia. "Mimi wangu naujua kama ng'ombe wangu." Basi namjibu, "Haya, bwana mkono, siku moja utakuumbua." Tulikuwa tunataniana tu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Vitu vyetu vilishushwa garimoshi pale Isaka, kisha vikaletwa kwa lori, na lori lenye mapipa yetu ya oili lilizama kwenye tope njiani likakaa siku kadhaa. Karakana ikabaki na oili ya kukwangua. Tukawa tunaimwaga ile ya zamani kutoka kwenye injini, tunaichuja kwa kitambaa, tunairudisha. Asubuhi moja mwenzangu alifanya kazi hiyo. Alimwaga, akachuja, akairudishia nati ya chini ya tangi, akaikaza na kuifunga waya. Nilimwona kwa macho yangu. Kabla hajamaliza kuirudisha oili, tukasikia kelele kutoka shimoni. Jiwe limemwangukia mchimbaji, limemsaga mguu. Mwenzangu akaniachia debe na kukimbilia machela.

Nikaimimina oili ile, nikachovya kijiti cha kupimia. Haikutosha. Ilipungua kiasi cha chupa mbili, na pipa lilikuwa kavu. Rubani alikwisha kuja, anavaa miwani yake. Mgonjwa anapiga kelele ambazo hata sasa nisingependa kuzieleza. Nifanyeje? Nikakumbuka maneno ya mzee mmoja wa jeshini, aliyetuambia kwamba ndege za vita vya kwanza zilikuwa zinakunywa mafuta ya mbarika. Mbarika! Hii hii inayoota nyuma ya kila boma kwetu, ambayo mama zetu wanakaanga mbegu zake, wanazitwanga, wanazichemsha na kuengua mafuta ya kupaka watoto na kulainisha ngozi. Nyumbani kwangu, hatua hamsini kutoka karakana, mke wangu alikuwa na chupa mbili. Nikazichukua, nikazimimina zote, nikachovya kijiti tena. Sasa ikatosha.

Sikumwambia mtu. Si kwa sababu niliogopa, la. Nilikuwa nimefurahi. Nilipanga ndege ikirudi jioni nijisifu mbele ya mhandisi na mwenzangu, kwamba wakati wao wanalia oili, mimi nimeiendesha ndege yao kwa mafuta ya mke wangu.

Yule mzee hakusema uongo. Lakini kulikuwa na jambo hakutuambia, nami nilikuja kulijua miaka mingi baadaye kwa kumsikia fundi mwingine akizungumza tu. Mbarika hutiwa peke yake, na hutiwa iliyosafishwa. Ukiichanganya na oili ya madini hazipatani. Zinageuka gundi. Na ya nyumbani, iliyochemshwa chunguni, ina maji na makapi ndani yake.

Mwenzangu ndiye aliyemfunga mgonjwa mikanda ndani ya ndege. Akamwambia, "Utapona, baba. Mwanza si mbali." Ndege ikaruka.

Rubani alizunguka kukwepa mvua, ndege ikaangukia mbugani, upande wa Kharumwa. Rubani alivunjika mguu na kuokotwa na wachunga ng'ombe. Alisema injini iligonga, ikanguruma vibaya, ikasimama. Mchimbaji walimkuta amekufa, bado amefungwa kwenye machela yake, na mikanda haijalegea hata mmoja. Wengi walisema kwamba kama angefika Mwanza wangeukata mguu na mtu angeishi. Mkewe alipita mbele ya karakana siku iliyofuata na mzigo kichwani, akienda kutafuta lori la Isaka. Hakutuangalia.

Injini ililetwa imejaa matope. Tangi la oili lilikuwa limepasuka tumboni na nati ya chini haikuonekana. Mhandisi akatazama pale penye tundu, akamtazama mwenzangu. Halikuhitaji maneno. Kama nati ilidondoka angani, oili ilimwagika yote, injini ikakauka na kukwama, na aliyeifunga nati anajulikana. Mwenzangu akakatazwa kugusa kitu. Akakaa ng'ambo ya uwanja, kwenye kivuli cha ghala, akingoja hukumu. Mimi nikaambiwa, "Wewe fungua. Pistoni itasema."

Silinda tatu zilitoka bila shida. Ya nne pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani. Ikabidi niukate mkono wa pistoni kwa msumeno ndipo nikaipata silinda na kuisimamisha mezani. Nikamimina mafuta ya taa kwenye tundu la plagi, nikaiacha ilowe. Kesho yake nikachonga kipande cha mpingo kiingie sawasawa, maana ukiipiga pistoni kwa chuma unaivunja, nikaanza kupiga kwa nyundo ya mti. Ndu. Ndu. Ndu. Wapi! Mlio ule ulivuka uwanja, na kila nilipoinua macho nilimwona mwenzangu ananitazama.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumpelekea maji aliniambia, "Niliifunga. Niliikaza nikatia na waya."

Siku ya pili akasema, "Nadhani niliifunga."

Siku ya tatu hakuyanywa maji. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi niliifunga kweli? Wewe ulikuwapo. Uliona?"

Nilikuwa nimeona! Mungu wangu, nilikuwa nimeona kama ninavyouona mkono wangu huu! Lakini kichwani nilikwisha kuanza kupiga hesabu. Kama nati ilifungwa, oili haikumwagika. Kama haikumwagika, injini imekwama kwa nini? Nikamjibu, "Ngoja pistoni itoke." Jibu gani hilo la kumpa mtu?

Mchana wa siku ile mhandisi alikwenda kula. Nikaona nijaribu moto. Pistoni ni ya alumini na silinda ni ya chuma, na vikipashwa pamoja kisha vikaachwa vipoe, alumini hunywea zaidi ya chuma. Nikaizungushia silinda makaa. Ilipopata joto, harufu ikatoka.

Loo! Ilikuwa harufu ya mama yangu, na ya wanangu wakiwa wachanga wametoka kupakwa. Ikajaa karakana nzima. Nikashika meza. Nilitazama nje kwa hofu, lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwangu, na mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikayaondoa makaa, nikangoja chuma kipoe. Mapigo matatu ya mpingo, pistoni ikateleza ikaanguka mezani.

Ringi zake zilikuwa zimegandamana na gundi ya rangi ya asali iliyoungua. Oili ilikuwapo, basi. Nati haikudondoka angani. Iling'oka chini, tangi lilipopasuka. Mkono wa mwenzangu haukukosea. Nilikuwa nimeshika mkononi kitu cha kumwokoa, ningetoka tu nje nikamwita.

Nikachukua petroli na majivu, nikaisugua. Niliisugua ringi kwa ringi, na silinda ndani, mpaka harufu ikaisha na alumini ikabaki inang'aa na mikwaruzo yake. Nilikuwa na watoto watatu. Niliogopa kitanzi, niliogopa kufungwa. Lakini msinitafutie sababu nzuri, maana nimezitafuta mwenyewe miaka yote na hazinitoshi. Niliogopa, basi. Mchimbaji nilimuua kwa ujinga, na ujinga Mungu husamehe. Hili la pili nililifanya kwa akili timamu, mchana kweupe, kwa majivu ya jiko.

Mhandisi aliporudi akapitisha kidole kwenye pistoni, akakitazama. Kikavu. "Hakuna oili," akasema. "Nati ilitoka. Au wewe unaonaje?"

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Hawakumfunga. Walimfukuza tu. Aliaga watu mmoja mmoja, na aliponifikia mimi akanipa spana zake zote. Akasema mkono wake hautagusa tena nati ambayo maisha ya mtu yanaitegemea. Nilizipokea. Ningefanyaje? Nilizitumia mpaka meno yake yakaisha.

Miaka kama minane ikapita. Nilikuwa nimeacha mgodi na kurudi kulima. Harufu ile haikuniacha. Nilikata mibarika yote iliyozunguka boma langu na mke wangu akadhani nimerogwa, akataka kumwita mganga. Nikimpakata mtoto aliyepakwa, ninasikia ndu, ndu, ndu, na ninamwona mtu amekaa kivulini anatazama mkono wake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaona ni heri kiniumbue kinywa changu mwenyewe kabla ya kifo. Nikafunga safari ya Shinyanga.

Nilimkuta amezeeka kuliko mimi. "Mwangaluka!" akanisalimu kwa Kisukuma kutoka mbali, kwa furaha ya kweli. Tulikaa mpaka ng'ombe wakarudi. Akawaingiza zizini, akafunga mti wa mlangoni kwa kamba, akaja akaketi. Kisha akainuka akaenda kuigusa ile kamba. Akarudi. Akainuka tena. Mkewe akaniinamia akanong'ona, "Shemeji, ndivyo alivyo. Mara sita, mara saba. Hata kibuyu cha maziwa hawezi kukiziba akaondoka. Toka huko mgodini."

Aliporudi mara ya nne nikamwambia yote. Chupa mbili za mke wangu, harufu, petroli, majivu. Nilimwambia, "Nati uliifunga. Nilikuona. Uliikaza ukatia waya. Aliyemuua yule mtu ni mimi, na wewe nikakuangamiza huku najua."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu machozi yakamtoka, akatabasamu, akanishika bega.

"Tangu jeshini hujui kudanganya," akasema. "Mbarika! Ndege inywe mafuta ya watoto? Umetembea njia yote hii kuja kujitwika dhambi yangu ili nilale usingizi. Wabeja, ndugu yangu, asante. Wabeja sana. Lakini mimi najua. Mkono ni wangu."

Nikaapa. Nikaapa kwa mama yangu na kwa wanangu. Nikapandwa na hasira, nikamfokea, "We mtu una kichwa gani? Nakwambia ni mimi!" Kadiri nilivyofoka ndivyo alivyozidi kulia na kunishukuru. Nilikuwa nimechelewa miaka minane, na ukweli wangu ukafanana na huruma.

Asubuhi alinitolea mtamba mwekundu, wa kwanza kwa uzuri zizini kwake. Akaniambia, "Huyu ni wa ndugu aliyenipenda kuliko nilivyostahili." Kwetu, ukimkataa ng'ombe uliyepewa kwa moyo umemwambia mwenye kutoa kwamba hamjuani tena. Nikashika kamba. Alitusindikiza mpaka mtoni, akageuka kwenda kuangalia mlango wa zizi.

Mtamba yule alizaa mara tano. Wanangu walikunywa maziwa yake, na ndama wake wa pili nilimtoa katika mahari ya kijana wangu wa kwanza. Mwenzangu alifariki mwaka ule wa harusi. Alikufa akiamini kwamba mkono wake uliua mtu, na kwamba mimi ni mtu mwema.