Blanketi la Madame Odile

Harufu ya chaki iliyolowa hunirudisha Panda, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda huko Likasi, kwenye stoo ya shule ambayo Madame Odile aliigeuza darasa. Nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Ngalula alikuwa na saba, na hakuwa amesema neno hata moja. King'ora cha kiwanda kikilia, aliziba masikio na kujigonga ukutani. Shule ya kawaida ilimrudisha nyumbani siku ya pili. Ni mimi tu niliyejua kwamba akivuta sikio langu la kushoto ana kiu, akivuta la kulia anataka tutoke nje.

Miaka ile kazi za kiwanda zilikuwa zimepungua sana, na watu wa Likasi wakitazamana kwa jicho la pembeni. Jirani uliyekula naye jana, leo anakuuliza babu yako alitoka wapi. Ndipo Madame Odile, mwanamke mwembamba, mgeni kambini, akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiulizia watoto wasiosema. Alipata sita. Hakuomba chochote, na hilo ndilo lililowatia watu hofu. Kanisani kwetu walinong'ona kwamba anakusanya watoto wenye mapepo.

Mama alikubali shingo upande, akanipa kazi ya kumsindikiza Ngalula.

"Fungula macho," aliniambia. "Ule mwanamuke, hatujue anatafuta nini kwa batoto. Ukiona kitu, kuya uniambie."

Nikuambie ukweli, niliyafungua kupita kiasi. Kila siku nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Kwa nini mlango ulifungwa? Kwa nini hakuna aliyeimba kama darasa la kweli? Kwa nini ukuta ulijaa picha, na Madame akizinyooshea kidole kimyakimya? Siku moja nikamwona amemviringisha Ngalula ndani ya blanketi, mikono ndani, amemkaza kama kichanga. Nilikimbia nyumbani, kandambili moja ikabaki njiani.

"Mama! Banafunga Ngalula!"

Mama alifika na majirani, akamnyakua mtoto wake. Ngalula akamuuma mkono. Kabla ya adhuhuri, watoto wote sita walikuwa wameondolewa.

Kila asubuhi Ngalula alisimama mlangoni akivuta sikio langu la kulia hadi likawasha. Siku ya tatu mama aliacha kutwanga majani ya sombe, akanitazama.

"Mule mu blanketi, alikuwa analia?"

"Hapana."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anacheka. Ni yeye mwenyewe alimuletea Madame ile blanketi."

Mama hakunipiga. Alimshika Ngalula mkono, tukarudi stoo. Madame alikuwa peke yake, anafuta ubao.

"Miye nitaikala humu ndani," mama alimwambia. "Nione na macho yangu."

"Ikala, mama. Kiti iko."

Alikaa wiki mbili bila kuamini, mpaka siku Ngalula alipobandua picha ya kikombe ukutani, akamwekea mapajani. Mama alikwenda kuchota maji huku akilia.

Watoto wawili wengine walirudi. Watatu hawakurudi kamwe. Mmoja wao, Bibiche, nilimwona miaka mingi akiwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya baraza lao, na mama yake alikuwa ameniamini mimi.

Ukubwani ndipo nilipojua nilichofanya. Kile kicheko nilikisikia vizuri nikiwa dirishani. Sikuogopa kwamba Madame anamuumiza Ngalula. Kwa miaka saba mimi peke yangu ndiye niliyemwelewa, na mgeni alikuwa amemwelewa kwa mwezi mmoja.